Wamongolia walitafsiri Ubudha kutoka Kitibeti, sasa haya maneno ya Kisanskriti yalipitia wapi? (Uzi mrefu)

KalamuMbovu

Wakuu salaam. Leo naweka uzi wa lugha, wale wa siasa na mpira mtanivumilia, jukwaa letu sote.

Ukimtajia mtu Mongolia anakumbuka Genghis Khan, farasi na baridi, kaishia hapo. Ila hawa jamaa kwenye lugha yao kuna jambo ukilishika vizuri linakuvuruga kichwa. Vitabu vyao vya Kibudha, ule mkusanyiko mkubwa unaoitwa Kanjur, vingi vilitafsiriwa kutoka Kitibeti. Lama wao, yaani watawa na walimu wa dini, walikuwa wanakwenda kusoma Tibet au wanasoma kwa mtu aliyesoma Tibet, sala zinasomwa Kitibeti, mpaka majina ya watoto wanapewa ya Kitibeti. Kwa hiyo ungetegemea ukifungua hizo tafsiri ukute Kitibeti kimejaa tele. Wapi. Unakuta Kisanskriti, tena Kisanskriti kilichochakaa njiani, katikati yake kuna miungu ya Uajemi ya kale na neno moja lililoanzia Ugiriki. Na Mtibeti mwenyewe hayo maneno hana, maana yeye alipopokea Ubudha kutoka India aliyatafsiri karibu yote kwa lugha yake. Mwanzoni mwa karne ya 9 wafalme wa Tibet walitengeneza orodha rasmi ya istilahi, zaidi ya maneno 9,000, Kisanskriti huku Kitibeti kule, kila mtafsiri aifuate.

Sasa angalia. Bodhisattva, yule anayeelekea kuwa Budha kwa ajili ya wengine, kwa Mtibeti ni byang chub sems dpa', Kitibeti kitupu. Mmongolia kitabu cha Kitibeti kiko mbele yake, anakisoma, anashika kalamu anaandika bodisadu. Mtibeti kaandika mdo, yeye anaandika sudur, yaani sutra ya Kisanskriti, kitabu cha mahubiri ya Budha. Thawabu za matendo mema Mtibeti anaziita bsod nams, Mmongolia anaandika buyan, hiyo ni punya ya Wahindi. Dini ni bstan pa, yeye anaandika shashin kutoka shasana. Kito cha thamani ni rin po che, yeye anaandika erdeni, kutoka ratna. Ni kama kamruka Mtibeti akaenda kuchota India mwenyewe, na India hajawahi kukanyaga.

Siri iko kwa makarani. Mwaka 1204 Genghis Khan aliwapiga Wanaiman, kabila la magharibi mwa Mongolia, na kwenye mateka alikuwemo Mwuyghur mmoja jina lake Tata-tonga, mtunza muhuri wa khan wa Wanaiman. Historia ya Kichina ya utawala wa Yuan (Wamongolia walipoitawala China) inasema alikamatwa akikimbia na muhuri wa bosi wake. Genghis akamuuliza huo ni wa kazi gani, jamaa akaeleza, akapewa kazi ya kuwafundisha wana wa mfalme kuandika lugha yao kwa herufi za Kiuyghur. Ndo mwanzo wa maandishi ya Kimongolia yale ya kusimama, unasoma juu kwenda chini. Miaka mitano baadaye ufalme wote wa Uyghur kule Turfan, kaskazini magharibi mwa China ya leo, ukajisalimisha bila vita na wasomi wao wakajaa kwenye ofisi za Wamongolia.

Na hao wasomi walikuwa wameshatafsiri Ubudha kwa miaka mingi tu, kutoka Kichina, kutoka Kitokaria (lugha ya kale ya Asia ya Kati), baadaye mpaka kutoka Kitibeti. Kwa hiyo siku Mmongolia anaanza kutafsiri, maneno ya dini yalikuwa yameshapikwa jikoni kwa Wauyghur, yeye kapakua tu.

Naendelea chini, msiweke komenti za kunikatisha (natania, wekeni).

Nguchiro

Nimeshaweka kambi hapa mkuu. Ila swali, Wauyghur si ndo wale Waislamu wa China tunaowasikia kwenye taarifa ya habari? Ubudha wameupatia wapi?

KalamuMbovu

Ndo haohao kwa jina na kwa sehemu kubwa ya asili, ila karne ya 13 Uislamu Turfan ulikuwa bado haujashika. Wauyghur wa wakati ule walikuwa Wabudha wengi, wapo Wakristo wa Mashariki, na kabla ya hapo watawala wao walikuwa wafuasi wa Mani, dini ya mtu wa Babeli wa karne ya 3. Waliowapelekea hiyo dini ya Mani ni Wasogdia, wafanyabiashara wa Samarkand waliotapakaa njia yote ya hariri. Lugha yao ni ndugu wa Kiajemi. Hata hizo herufi za Kiuyghur ni za Kisogdia, na za Kisogdia zimetokana na Kiaramu.

Sasa hapa ndo patamu. Msogdia alikuwa na neno nom, maana yake sheria, kalipata kwenye Kigiriki nomos. Wafuasi wa Mani wakalitumia kwa sheria ya dini yao. Wauyghur walipohamia Ubudha hawakutafuta neno jipya, dharma, mafundisho ya Budha, wakaiita nom hiyohiyo. Mmongolia akalipokea. Na kwa kuwa dharma ilikuwa inakaa vitabuni, nom ikawa pia kitabu. Leo Ulaanbaatar ukitafuta maktaba unauliza nomyn san, hazina ya vitabu. Mwanafunzi kabeba nom kwenye begi hajui kabeba neno la Mgiriki.

Na miungu je. Kwenye hadithi za Budha kuna Indra, mfalme wa miungu 33. Mtibeti kamtafsiri brgya byin. Mmongolia anamuita Khormusta. Ukilisema polepole utalisikia, ni Ahura Mazda, Mungu mkuu wa Zoroasta! Brahma, mungu mwingine mkubwa wa India, naye wanamuita Esrua, huyo ni Zurvan, mungu wa wakati wa Waajemi. Wasogdia ndo walioanza mchezo wa kuwapachika miungu wa India majina ya miungu wa kwao. Af Khormusta akazoeleka mpaka akatoka vitabuni. Kwenye utenzi wa Geser uliopigwa chapa Beijing kwa Kimongolia mwaka 1716, Geser ni mtoto wa Khormusta. Utenzi una asili ya Tibet, lugha Kimongolia, baba wa shujaa Mwajemi. Mi hapo niliacha kusoma kidogo nikatembea.

Nguchiro

Duh. Hata shetani ana asili ya Uajemi?

KalamuMbovu

Naye. Mara, yule mjaribu aliyemsumbua Budha chini ya mti, kwa Kimongolia ni shimnu, kutoka Kisogdia shmnu, na huyo ni Ahriman, adui wa Ahura Mazda. Jehanamu ni tam, Wauyghur wanasema tamu, pia Kisogdia. Usije ukaenda huko ukasikia tamu ukadhani umeitiwa halua.

ProfesaWaMtaani

Uzi mzuri ila naona unakuza mambo. Kila lugha inakopa. Kisanskriti ni lugha ya dini ya Budha, Wamongolia walikuwa na dola kubwa, makuhani wa India walikuwa wanafika, kwa nini wasiwe wamekopa moja kwa moja? Ushahidi wa kupitia Uyghur uko wapi zaidi ya huyo karani mmoja na muhuri wake?

KalamuMbovu

Swali la haki mkuu. Ushahidi uko kwenye maneno yenyewe, yana makovu ya njia.

Chukua neno lao la Budha: burkhan. Hiyo bur ni Kichina, matamshi ya zamani ya herufi inayosomwa fo leo, na khan ni cheo cha Kituruki, mfalme. Yaani Mfalme Budha. Imeungwa na Wauyghur. Mwalimu ni bagshi, leo wanasema bagsh, kila mtoto wa shule Mongolia anamuita hivyo mwalimu wake, nalo limetoka Kichina boshi, ambalo China ya sasa ni mtu mwenye shahada ya udaktari. Mtawa wa ukoo bora ni toyin, kutoka Kichina daoren. Ingekuwa walikopa moja kwa moja kutoka India, Mchina anaingiaje katikati? Anaingia kwa sababu Wauyghur walikuwa wanatafsiri kutoka Kichina pia, na maneno yote matatu yako kwenye Kiuyghur cha kale kabla Mmongolia hajajua kushika kalamu.

Halafu sikiliza erdeni. Kisanskriti ni ratna. Kituruki cha kale na Kimongolia havipendi neno kuanza na r, lazima watie irabu mbele, ndo maana Urusi wanaiita Oros. Ratna ikapita kwa Msogdia, ikafika kwa Mwuyghur ikawa ertini, Mmongolia erdeni, leo erdene. Huyo rishi, mtu mtakatifu wa porini, kawa arshi. Chemchemi za maji ya tiba ambazo Wamongolia wanazipenda sana wanaziita rashaan, na wengine arshaan, ni rasayana ya Kisanskriti, dawa ya kurefusha maisha.

Na moja la kumalizia ubishi. Kwenye Kanjur kila kitabu kinaanza kwa kutaja jina lake kwa lugha tatu: kwa lugha ya India jina lake ni hili, kwa lugha ya Tibet ni hili, kwa lugha ya Mongolia ni hili. India hapo imeandikwa Enedkeg. Enedkeg ni Kisogdia kilichopitia Kiuyghur. Yaani palepale wanapojisifu kuwa hiki kitabu kina asili India, jina la India lenyewe limevaa kanzu ya Samarkand.

Ila hoja yako ina sehemu iko sawa, usiondoke. Mwaka 1587 mtafsiri anaitwa Ayushi Guush alibuni herufi za ziada, zinaitwa ali gali, kwa ajili ya kuandika Kisanskriti na Kitibeti kwa usahihi. Sababu herufi za Kiuyghur zilikuwa na shida, t na d mara nyingi zinafanana, o na u zinafanana, jina takatifu mtu analisoma anavyojisikia. Kuanzia hapo kuna Kisanskriti kingine kinaingia kikiwa kimesafishwa, kupitia Kisanskriti kilichoandikwa kwa herufi za Kitibeti. Kwa hiyo kuna maneno yana sura mbili, ya zamani iliyochakaa na mpya iliyopigwa pasi.

ProfesaWaMtaani

Hapo kwenye Mchina kuingia katikati nimekuelewa. Endelea mkuu.

Mama_Nasra

Mie nimeshika hapo pa majina. Kama vitabu vina Kisanskriti majina ya watoto yawe Kitibeti kwa nini? Na wanapewa na nani?

KalamuMbovu

Dada hapo umegusa penyewe. Jina anatoa lama, na lama anasali kwa Kitibeti. Vitabu vilitafsiriwa, sala kwa sehemu kubwa haikutafsiriwa. Kwa hiyo lugha ya maandishi ikabaki na urithi wa Uyghur, watu wakawa na urithi wa Tibet.

Kuna neno moja linaonyesha yote, vajra, ile fimbo ya radi ya shaba utaiona mkononi mwa lama yoyote kwenye picha. Ilipita kwa Wauyghur ikawa vachir, Kimongolia cha leo ochir. Mtibeti aliitafsiri rdo rje, Mmongolia anaitamka dorj. Af ikaja mara ya tatu, Kisanskriti kilekile kilichosafishwa nilichosema juu, ikawa bazar. Sasa rais wa kwanza wa Mongolia baada ya mageuzi ya 1990 anaitwa Ochirbat, vajra imara. Aliyetawala 2009 mpaka 2017 ni Elbegdorj, elbeg maana yake tele, vajra tele. Na lama mkuu wa kwanza wa Khalkha (Wamongolia wa kaskazini), yule mchongaji sanamu maarufu aliyezaliwa 1635 akafa 1723, ni Zanabazar, ambayo ni Jnanavajra, vajra ya maarifa. Fimbo moja, milango mitatu. Huyo Zanabazar ndo aliyebuni mwaka 1686 herufi zinazoitwa soyombo, ile alama iliyoko kwenye bendera ya Mongolia mpaka leo, na soyombo ni Kisanskriti svayambhu, kilichojitokeza chenyewe.

Kuna na siku za wiki. Kwa majina ya sayari wana seti mbili. Ya vitabuni ni Kisanskriti: adiya jua, sumiya mwezi, angarag Mars, bud, barkhasbadi, sugar, sanchar. Ya midomoni ni Kitibeti: nyam, davaa, myagmar, lkhagva, purev, baasan, byamba. Hii ya pili ndo wanapewa watoto kwa siku waliyozaliwa, kama Juma na Khamisi wa kwetu. Ukikutana na Davaa huyo ni wa Jumatatu, Purev wa Alhamisi, Byamba wa Jumamosi. Kuna msomi wao mkubwa wa lugha wa karne ya 20, Byambyn Rinchen, jina la mzazi ni Jumamosi kwa Kitibeti na jina lake mwenyewe ni rin chen, kito, ambacho ndo erdeni ileile kwa mlango wa Tibet.

Mama_Nasra

Ahsante kaka, nimecheka na rais vajra tele. Hao akina Purev ni wengi Mongolia?

KalamuMbovu

Wamejaa dada. Angalia timu yoyote ya mieleka ya Mongolia kwenye Olimpiki uhesabu akina Dorj, Davaa na Purev.

Kijiti_cha_Moto

Mkuu sasa Kitibeti kwenye lugha ya vitabu hakikuacha kitu kabisa? Umesema watafsiri walikuwa nacho mezani miaka yote hiyo. Haiwezekani mtu ale na mtu miaka mia asiige hata kikohozi.

KalamuMbovu

Hahaha kikohozi aliiga, tena sana, ila mlango tofauti. Maneno moja moja ni Uyghur. Namna ya kuunga maneno, vyeo virefu, sentensi, hapo ndo Kitibeti kilipokaa.

Budha ana cheo kwa Kisanskriti, bhagavat, neno moja, mwenye heri. Mtibeti akalikata vipande vitatu, bcom ldan 'das: bcom kashinda, ldan anacho, 'das kavuka. Mmongolia hapo hakukimbilia Kisanskriti. Alichukua vile vipande vitatu akavipanga: ilaju tegus nogchigsen. Ilaju akishinda, tegus kamili, nogchigsen aliyevuka. "Akishinda kamili aliyevuka." Mfugaji wa Kimongolia wa karne ya 17 akisikia hiyo kitu hawezi kujua ni nani anasemwa mpaka aambiwe na lama. Ila baada ya miaka ikawa ndo jina, watu wanalisema bila kufikiria vipande.

Tathagata nayo, cheo kingine cha Budha. Kisanskriti kina utata, unaweza kukata tatha na gata, aliyekwenda hivyo, au tatha na agata, aliyekuja hivyo. Kimongolia kikasema tegunchilen iregsen, aliyekuja vivyo hivyo. Wameamua ugomvi wa Wahindi kwa kishazi kimoja.

Na ule ufunguzi wa kila sutra, "hivi ndivyo nilivyosikia wakati mmoja", wameuandika eyin kemen minu sonosugsan nigen chag-tur. Panga la Kitibeti limepita neno kwa neno: hivi, kwa kusema, kwangu, kulikosikika, moja, wakati. Bahati yao Kitibeti na Kimongolia vyote vinaweka kitenzi mwisho, kwa hiyo unaweza kufuata mstari wa mwenzako bila lugha yako kuvunjika. Inapinda tu. Tofauti kama sifa kukaa nyuma ya jina, ambavyo ndivyo Mtibeti anavyofanya, walikuwa wanageuza wakaiweka mbele, lakini umbo la jumla la sentensi linanuka siagi ya Tibet.

Sasa ngoja niwape historia yake kwa haraka mjue ilivyokuwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ni enzi ya Yuan. Kublai Khan alimchukua lama Phags-pa wa madhehebu ya Sakya ya Tibet kuwa mwalimu wake, jamaa akamtengenezea na herufi za mraba mwaka 1269 za kuandikia lugha zote za dola, hazikudumu. Mtafsiri mkubwa wa enzi hiyo ni Choiji Odser, alitafsiri kitabu cha Shantideva, mwanazuoni wa India, cha njia ya bodhisattva mwaka 1305, akaandika na ufafanuzi wake uliopigwa chapa Beijing 1312. Kurasa chache za chapa ile zilikuja kupatikana Turfan, kwa Wauyghur haohao, na Wajerumani waliokuwa wanachimba huko mwanzoni mwa karne ya 20. Mwingine ni Sharab Sengge aliyetafsiri sutra ya Nuru ya Dhahabu. Lugha ya hawa watu ni laini, unasikia Kimongolia kinapumua.

Yuan ikaanguka 1368, mambo yakapoa. Awamu ya pili ikaanza 1578, Altan Khan wa Tumed alipokutana na Sonam Gyatso karibu na ziwa Kokonor akampa cheo cha Dalai Lama. Dalai ni Kimongolia, bahari, ni tafsiri ya gyatso. Kwa hiyo kuna kukopa kwa upande wa pili pia, lama mkuu wa Tibet dunia nzima anajulikana kwa neno la Kimongolia. Panchen Lama, lama mwingine mkubwa wa Tibet, ndo balaa zaidi, mwaka 1713 Kangxi, mfalme wa China, alimpa cheo cha Panchen Erdeni, hapo pan ni pandita wa Kisanskriti, chen ni kubwa ya Kitibeti, na erdeni mnaijua safari yake.

Baada ya hapo kazi ikawa ya kiwanda. Ligdan Khan alikusanya watafsiri wakamaliza Kanjur 1628 na 1629, nakala moja iliandikwa kwa dhahabu. Kangxi akaamuru irekebishwe ikapigwa chapa Beijing 1717 mpaka 1720, juzuu 108, wino mwekundu. Upande wa magharibi, kwa Waoirat, Zaya Pandita akatengeneza herufi zake 1648, zinaitwa za wazi, na yeye anahesabiwa tafsiri zaidi ya 170. Huyu ndo ukimsoma Kitibeti kimempanda kichwani kweli, sentensi zake zinafuata asili mpaka unahisi unasoma Kitibeti kwa sauti ya Kioirat.

Mwisho ni Qianlong, naye mfalme wa China. Alitaka Tanjur nayo itafsiriwe, ule mkusanyiko wa maandishi ya wanazuoni. Kabla hawajaanza, lama wake Rolpai Dorje akaona hatari, kila mtafsiri ana neno lake. Mwaka 1741 na 1742 akasimamia kamusi ya Kitibeti na Kimongolia, wenyewe waliiita Mahali Watokapo Wajuzi, ikipanga istilahi kwa somo, mantiki kivyake, utabibu kivyake, sarufi kivyake. Tanjur ikakamilika 1749. Na hii kamusi ndo iliyopiga muhuri wa mwisho: nom imebaki nom, burkhan kabaki burkhan, erdeni imebaki. Walikuwa na nafasi ya kuyafuta maneno ya Uyghur waweke ya Kitibeti, miaka 400 na kitu imepita, wasomi wote wamesoma kwa Watibeti, wakayaacha. Kwa mtazamo wangu sio uzembe. Yalishakuwa Kimongolia. Ukimwambia mtu wa Beijing mwaka 1742 kwamba nom ni la kigeni angekuona umelewa.

Kijiti_cha_Moto

Kikohozi nimekikubali 🙌

dogo_wa_Ilala

wakuu mi sio mtu wa dini hizi ila nliona sehemu wamongolia wanaita anga za juu sansar, hiyo si ndo samsara ile ya kuzaliwa na kufa na kuzaliwa tena?? au nimechanganya madesa

KalamuMbovu

Hujachanganya dogo, ndo yenyewe. Samsara ni mzunguko wa kuzaliwa na kufa, kifungo ambacho Mbudha anataka kutoka. Kwenye vitabu wana neno lao la asili pia, orchilang, la kuzunguka, ila sansar ikaendelea sambamba ikimaanisha ulimwengu wote huu. Karne ya 20 ilipofika wakahitaji neno la anga za mbali, wakaipa kazi sansar. Machi 1981 Jugderdemidiin Gurragcha alipanda Soyuz 39 na Warusi, Mmongolia wa kwanza kwenda huko, magazeti ya chama kisichoamini Mungu yakaandika amekwenda sansar. Mababu zake walisali miaka 400 watoke humo.

dogo_wa_Ilala

😂😂😂 nimekufa

KalamuMbovu

Yako mengi ya hivyo yaliyotoka hekaluni yakaingia mtaani. Shairi ni shuleg, kutoka shloka. Zambutiv ni dunia, kutoka Jambudvipa, bara la kusini kwenye ramani ya Kibudha. Mtawa mzururaji mwenye visa na vituko kwenye hadithi zao ni badarchin, kutoka patra, bakuli la kuombea chakula. Mji wa Erdenet wenye mgodi mkubwa wa shaba, maana yake wenye vito, ratna hiyohiyo. Serikali ya kikomunisti ilibomoa karibu monasteri zote mwishoni mwa miaka ya 1930 na lama kwa maelfu wakauawa, ila ukisikiliza mtu anaongea sokoni maneno ya hekaluni yako palepale.

Bi_Kidawa

Mwanangu KalamuMbovu na sisi huku pwani hatuna neno tuliloshirikiana nao hao? Naona Kisanskriti kimefika kila mahala.

KalamuMbovu

Shikamoo bibi. Liko. Sandali. Kisanskriti ni chandana, ikaenda magharibi ikafika kwa Waarabu ikawa sandal, ikatufikia sisi kwenye majahazi. Upande wa kaskazini ikaingia kwenye vitabu vya Budha, Wamongolia wakaiita zandan. Sanamu ya Budha ya mti wa sandali iliyokuwa Beijing walikuwa wanaiita Zandan Zuu, wanafunga safari kwenda kuihiji.

Bi_Kidawa

Marahaba. Ahsante, na udi nao sijui waliupata wapi.

ProfesaWaMtaani

Swali la mwisho kabla sijalala. Mmongolia wa leo akichukua hiyo Kanjur ya juzuu 108 anaisoma?

KalamuMbovu

Wengi hapana mkuu. Kwanza herufi, Mongolia waliamua kuhamia Kisirili 1941, kwa hiyo yale maandishi ya kusimama kwa miongo mingi yalibaki ya wasomi, ingawa sasa serikali inayarudisha mashuleni. Wenzao wa Mongolia ya Ndani, China, hawakuyaacha. Pili ni hiyo lugha ya "akishinda kamili aliyevuka", hata akijua herufi anahitaji mtu wa kumfasiria tafsiri. Kwenye hekalu la Gandan Ulaanbaatar sala kubwa bado zinasomwa Kitibeti.

Ila kuna sehemu moja waligoma. Urad, Mongolia ya Ndani, kuna monasteri inaitwa Mergen. Karne ya 18 lama wao, Mergen Gegeen Lubsangdambijalsan, aliyeishi 1717 mpaka 1766, alisema waumini hawawezi kuendelea kusikia sauti bila maana. Akapanga ibada nzima kwa Kimongolia. Na hakufanya kama watu wa Kanjur waliofuata panga la Kitibeti. Alitunga upya kwa mashairi ya Kimongolia, yale ambayo mistari inaanza na sauti moja, akahakikisha idadi ya silabi inakaa kwenye tuni, ili mtu aimbe na aelewe. Wapo mpaka leo wanasali hivyo. Sala zake bado zimejaa burkhan, nom, erdeni na buyan, hayo hakuyagusa, kwake hayo yalikuwa Kimongolia kama maziwa ya farasi.

Anayetaka kuona kwa macho, Kanjur ya Kangxi ilichapwa upya kwa picha New Delhi miaka ya 1970 na nakala ziko kwenye maktaba nyingi kubwa za vyuo duniani. Tanjur nzima, juzuu 226, iko Maktaba ya Taifa Ulaanbaatar, UNESCO waliiingiza kwenye rejista ya Kumbukumbu ya Dunia 2011. Ukifika hapo mlangoni sema nomyn san, watakuelekeza.